Jozi za Burl

"Verlene," alisema Orrin. "Jifunze karata."

Verlene alikuwa anasuuza vikombe vya chai baridi. Marafiki wawili wa mumewe, Burl na Hollis, walikuwa ndiyo kwanza wametoka, na pikapu ya Burl ilikuwa bado inasikika ikigeuka barabarani. Alifunga bomba akageuka kumtazama. Tangu kiharusi cha mwezi wa pili, mumewe alitoa maneno moja moja, na kila moja alilitafuta kwanza. Kwa hiyo hakuna lililotoka bure.

"Mimi? Karata?"

"Wewe."

Miaka arobaini na tisa ya ndoa, Verlene hakuwahi kushika karata. Mama yake alikuwa Mbaptisti wa kweli kweli, na nyumbani kwao karata hazikuvuka kizingiti. Alipoolewa na Orrin, kijana wa kiwanda cha mbao aliyependa poka kuliko kula, walipatana hivi: atacheza, lakini pesa haitawekwa juu ya meza ya mkewe. Ndipo wakaanza kuchezea pekani, zile kokwa zinazoanguka kutoka kwenye mti wa uani. Kila Alhamisi saa nane mchana kila mmoja alianza na rundo sawa. Mchezo ukiisha, mwenye rundo dogo kuliko wote alibanja kokwa zote, akachambua nyama yake, na Verlene akaoka pai. Wanaume watatu wazima walizigombania kokwa zile kama ni dhahabu, kwa sababu kubanja ni kazi ya kuumiza vidole na aliyebanja alichekwa wiki nzima.

Tangu augue, Orrin hakuwa amebanja hata mara moja. Alishinda Alhamisi baada ya Alhamisi. Burl alipiga meza kwa kofia yake na kulaani bahati, Hollis alitikisa kichwa kwa huzuni, kisha mmoja wao akavuta kile chuma cha kubanjia.

"Nashinda... sana," alisema Orrin.

"Si vizuri hiyo?"

Akatikisa kichwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, umelala kama paka. "Zamani nilihesabu. Sasa naona karata, lakini hesabu... haiji. Labda wananibeba. Labda hapana. Sijui." Akamtazama. "Wewe hesabu. Uniambie."

"Na kama wanakubeba?"

"Nafunga meza."

Verlene alikaa chini. Alijua maana ya neno hilo. Siku nyingine zote Orrin aliamka kwa sababu yeye alimwamsha, akavaa alichovalishwa. Alhamisi aliamka mwenyewe. Kuanzia saa nne asubuhi alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu kwa mkono wa kushoto, na wembe ukimkata hakulalamika. Meza ile ikifungwa, Verlene hakujua ni kitu gani kingine kingemtoa mtu huyu kitandani.

Angeweza kumuuliza Burl. Lakini Burl angesema uongo kwa upendo, na Orrin alilijua hilo pia. Angeweza kufunua karata walizotupa kila walipojitoa mchezoni, aone walitupa nini. Hilo ndilo halikuwezekana kabisa. Kwenye meza ile karata iliyotupwa kifudifudi ilikuwa kama barua ya mtu mwingine. Kuna binamu mmoja aliwahi kuifunua moja, kwa udadisi tu, na tangu siku hiyo alikaribishwa kwenye mazishi na harusi lakini si Alhamisi.

Basi ilibaki hesabu. Na hesabu na Verlene walikuwa wameachana zamani, akiwa na miaka kumi na mitatu, siku mwalimu alipomsimamisha mbele ya ubao wa sehemu na desimali, na baada ya dakika ndefu akamwambia akae tu, mwanangu, kaa. Mwaka ule ule aliacha shule. Baadaye alirudi shuleni kwa mlango wa nyuma, jikoni, akapikia watoto mia tatu kila siku kwa miaka thelathini na mmoja.

Walianza kesho yake asubuhi, baada ya skonzi na mayai. Sheria Orrin alizijua bado. Kila mchezaji hupewa karata mbili, ambazo huziona yeye peke yake. Kisha tano hufunuliwa mezani, ni za wote: tatu kwanza, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila mmoja huunga zake na za mezani. Jozi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, jozi mbili ni bora kuliko moja, na karata tano za namna moja, kwa mfano kopa tupu, hupiga zote hizo. Mtu akiongeza dau, wengine hulipa kiasi kile kile, la sivyo hutupa karata zao kifudifudi na kujitoa.

Orrin alimpangia mfano. Mkononi mwa Verlene kopa mbili. Mezani karata nne, mbili kati yake kopa. Imebaki karata moja kufunuliwa.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Kopa moja zaidi."

"Ngapi... zipo?"

Alihesabu kwa vidole. Kopa zote ni kumi na tatu. Nne amekwisha kuziona. "Tisa."

"Saba," alisema Orrin, kisha akafumba macho kwa hasira. "Siyo saba. Ulivyosema."

"Tisa. Usijali, mume wangu. Wewe nipe sheria, namba nitazishika mimi."

"Mara mbili."

"Tisa mara mbili, kumi na nane."

"Kwa mia."

Hapo Verlene alikwama. Kwa mia kitu gani? Alizitazama karata, na ule ubao wa shuleni ukamjia na jasho lake. Akasukuma kiti.

"Orrin, hapa ndipo mimi huwa naambiwa nikae."

Orrin alifikiri muda mrefu. Akasema, "Watoto. Maharage."

"Maharage?"

"Wangapi... hawali?"

Hilo alilijua kuliko jina lake. Siku ya maharage, katika kila watoto watano, mmoja hali. Wakija mia, ishirini wanayakataa. Hakuwahi kujua ni mtoto yupi, na siku nyingine walikataa kumi na sita, siku nyingine ishirini na nne, lakini kwa miaka thelathini na mmoja hakupika maharage yakazidi wala yakapungua.

Akazitazama karata tena. Karata ambazo hajaziona ni arobaini na sita, na tisa ni kopa. Moja kati ya tano, karibu sana. Na njia ya mkato ya Orrin, tisa mara mbili, ilimfikisha karibu pale pale: kumi na nane kwa mia.

"Kumbe ndiyo hii tu?" alisema. "Orrin! Ndiyo hii tu?"

Orrin alicheka kwa upande wa mdomo unaotii.

Haikuwa hiyo tu, bila shaka. Kulikuwa na mambo ya kumchanganya. Aliuliza, je, kama Burl ana kopa mbili mkononi mwake, si zimepungua? Orrin akapiga meza kidole. "Umeziona?" Hajaziona. "Basi." Verlene alilichukua swali hilo mpaka kwenye kamba ya nguo, na akiwa anaanika mashuka akalielewa: asiyekula maharage anaweza kuwa amekaa kiti chochote, hata kile ambacho hukitazami. Siku nyingine alivuta karata mara tano, akizichanganya upya kila mara, bila kopa, akasema kwa uhakika ya sita lazima iwe kopa, zamu yake imefika. Orrin akatikisa kichwa mpaka miwani ikateleza. "Karata," alisema, "hazikumbuki." Kwa neno hilo Verlene alikasirika kidogo, maana alizoea vitu vinavyoiva ukivingoja.

Walikuwa wanakaa hivyo kila asubuhi, yeye na mumewe, goti kwa goti. Alikuwa amesahau kwamba mtu huyu ni mvumilivu. Hakuwahi kumwambia akae tu.

Kisha akafika kwenye lile alilotumwa. Alijiuliza litafanywaje, na alipokosa namba ya kumsaidia alifanya kama anavyofanya na mapishi asiyoyajua: akajaribu. Hollis alikuwa mtu mwoga wa karata. Alitupa hovyo siku zote, hata Orrin alipokuwa mzima, kwa hiyo kutupa kwake hakukusema lolote. Burl ndiye aliyekuwa kipimo. Burl Ledbetter alikuwa na sifa moja ya poka ambayo wilaya nzima iliijua: hajawahi kutupa jozi. Hata jozi ya mbili mbili angeng'ang'ana nayo mpaka karata ya mwisho, umwambie utakavyo.

Basi Verlene alipanga mitungi miwili ya jamu dirishani. Akagawa karata kana kwamba wako mezani, zile tano za kati na mbili za Burl, akatazama. Burl hana kitu kwa karata zake mwenyewe (jozi ya mezani ni ya wote, haihesabiwi), punje moja ya haragwe mtungi wa kushoto. Burl ana jozi au zaidi, punje mtungi wa kulia. Aligawa kabla ya kupika na baada ya kupika. Aligawa mara mia mbili. Alipomimina na kuhesabu, kushoto zilikuwa themanini na tatu, kulia mia moja kumi na saba.

Katika mara kumi, Burl alikuwa mikono mitupu mara nne. Mara sita alikuwa na kitu.

Alhamisi tatu mfululizo aliketi nyuma ya Orrin na kazi yake ya kufuma, kama mke yeyote. Kila Orrin alipoongeza dau kwenye karata ya mwisho na Burl akatupa, Verlene alisokota uzi mwekundu mara moja kwenye mguu wa kiti.

"Ah, Orrin, umeniua tena!" alilia Burl. "Sina kitu, bwana. Nimegaiwa takataka."

"Na mimi takataka," alisema Hollis.

"Wewe umezaliwa nazo, Hollis, nyamaza."

Baada ya Alhamisi tatu uzi ulikuwa umezunguka mara thelathini na moja. Mara thelathini na moja Orrin aliongeza dau, na mara thelathini na moja Burl akatupa. Kwa mitungi, ilipasa awe mikono mitupu mara kumi na mbili au kumi na tatu. Hizo nyingine zote, kumi na nane au zaidi, alikuwa na jozi mkononi, na akaitupa akijilaani kwa sauti.

Verlene alikaa na jambo hilo peke yake jikoni. Kumi na nane. Mtu ambaye hakumtupia mtu yeyote jozi maisha yake yote. Alimwona sasa akivuta chuma cha kubanjia, kwa vile vidole vyake vyenye baridi yabisi, akibanja Alhamisi zote hizo ili mkono wa Orrin usitazamwe na watu. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya huzuni peke yake.

Jioni Orrin aliuliza, "Hesabu?"

Akisema ndiyo, meza imefungwa. Akisema hapana, amemdanganya mtu aliyemfundisha asubuhi zote zile.

"Bado," alisema. "Imebaki kitu kimoja. Alhamisi nataka kiti."

Burl alipomwona ameketi mezani na rundo lake la pekani, aliinua nyusi mpaka chini ya kofia.

"Shemeji! Mama yako anageuka kaburini."

"Mwache ageuke, amelalia upande mmoja muda mrefu. Gawa, Burl."

Walicheza kwa saa kadhaa. Verlene alitupa sana, akapoteza kidogo, akashinda mara moja kwa jozi ya ghulamu akapiga makofi kama mtoto. Orrin akiongeza dau, Burl na Hollis walitupa kama kawaida yao. Kisha ukaja mkono ambao Verlene alikuwa na ree, ile karata kubwa kuliko zote, na sita, zote kopa. Mezani zilikuwa nne: mfalme wa kopa, tatu ya kopa, tisa ya pao, nne ya uru. Orrin alisukuma pekani kumi katikati. Burl akatupa. Hollis akatupa.

"Haya, Orrin, zoa," alisema Burl, mkono tayari kwenye karata.

"Subiri," alisema Verlene. "Mimi sijasema."

Akanyoosha vidole juu ya kitambaa cha meza.

"Nataka kopa. Zimebaki tisa, katika arobaini na sita nisizoziona. Hiyo ni moja kati ya tano. Mezani kuna pekani hamsini, na mimi naombwa kumi. Sasa nikifanya hivi mara tano, mara nne nitapoteza kumi kumi. Arobaini hizo. Mara moja nitapata hamsini." Akafikiri. "Zinanibakia kumi. Nalipa."

"Shemeji," alisema Burl kwa sauti ya chini, "huyo ni mumeo."

"Namjua. Nimesikia akikoroma miaka arobaini na tisa. Nalipa, nimesema."

Akasukuma kumi zake. Hollis aliacha kutafuna. Orrin alikuwa anamtazama mkewe, na macho yake hayakupepesa.

Burl alifunua karata ya tano. Saba ya pao.

"Aa!" alisema Verlene, akatupa karata zake wazi kila mtu azione. "Imeniponyoka. Una nini, bwana?"

Orrin alifunua kwa mkono wa kushoto: tisa na nne. Jozi mbili. Alizivuta pekani kwake polepole, kwa kiganja, kama mtu anayefagia makombo. Hazikuwa nyingi kuliko alizozoea kushinda. Lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka, na alimwambia mkewe neno moja tu, "Umejaribu," na lilitoka bila kutafutwa.

Burl alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. Mkono uliofuata aligawa vibaya ikabidi aanze upya.

Ulipita mwingine, na mwingine. Kisha mezani palikuwa na malkia wa uru, nane ya shupaza, tano ya kopa, mbili ya pao, kumi ya uru. Zote tano. Orrin alizitazama, akatia kiganja nyuma ya rundo lake lote, akalisukuma katikati.

Verlene alitupa, hakuwa na kitu. Hollis akatupa. Burl alishika karata zake mbili kwenye pembe, tayari kuzitelezesha. Verlene aliuona mkono wake umesimama. Alimwona akiutazama ule wa Orrin, uliolala mapajani, kisha akimtazama yeye. Verlene hakutikisa kichwa wala hakukonyeza. Alishika tu mkono wake mmoja kwa mwingine chini ya aproni, maana alikuwa anaomba, na hakujua anaomba lipi.

"Shetani wewe, Orrin," alisema Burl hatimaye. "Nalipa. Zote."

Alikuwa na malkia. Orrin alikuwa na kumi. Jozi ya malkia ikapiga jozi ya kumi, na Orrin Tackett, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, hakuwa na pekani hata moja mbele yake.

Orrin aliutafuta kwa macho ule mkono wa kulia, akauinua kwa wa kushoto, akauweka mezani mbele ya watu. Akavuta chuma cha kubanjia.

Pekani ya kwanza ilimponyoka ikaviringika mpaka chini ya friji. Hollis aliinuka nusu, Burl akamvuta chini kwa mkanda wa suruali. Ya pili Orrin aliibana kwa uzito wa mkono mgonjwa na kuipiga kwa ule mzima, ikapasuka vipande vipande. Ya tatu pia. Jasho lilimtoka. Walikaa wote watatu wakimtazama, bila kutazama kando, na Verlene alifikiri hajawahi kuona wanaume wakifanya kazi ngumu kiasi kile wakiwa wamekaa. Ya sita au ya saba ilitoka nzima. Orrin aliishika kwenye mwanga, akaila.

Kisha akamgeukia mkewe. "Hesabu."

Hakumwita pembeni. Aliuliza pale pale, mbele yao.

"Walikuwa wanakubeba," alisema Verlene. "Tangu ulipougua. Mkono huu wa mwisho hawakukubeba. Yote mawili ni kweli, Orrin, na yote mawili nimeyahesabu."

Hollis alitazama viatu vyake. Uso wa Burl ulikuwa umeiva kama nyanya.

"Burl," alisema Orrin. "Umetupa... jozi?"

"Nimetupa."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu, bwana. Nyingi."

"Kumi na nane," alisema Verlene, "kwa Alhamisi tatu tu."

Orrin alimkodolea macho rafiki yake wa miaka hamsini. Mdomo wake ulihangaika na neno, ukaliacha, ukatafuta lingine. Verlene alishika ukingo wa meza.

"Iliuma?" aliuliza Orrin.

"Iliuma kila moja!" Burl alilipuka. "Nilitupa ree mbili, Orrin! Ree mbili mkononi, mwezi wa tano, mbele ya Mungu! Nilirudi nyumbani sikula. Mke wangu akadhani nimefiwa!"

Orrin alianza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamtikisa mabega yote mawili, na Burl akakifuata, kisha Hollis, ambaye alifichua kwamba na yeye alitupa jozi tatu za wafalme, ila kwa upande wake hakujua hata yeye kama ilikuwa huruma au woga. Verlene alijifuta macho kwa aproni.

Kicheko kilipotulia Orrin alisogeza bakuli la vipande katikati. Akakusanya karata kwa mkono wa kushoto, moja moja, mpaka zikawa fungu, akalisukuma upande wa Hollis.

"Gawa," alisema.

Hollis alitazama dirishani, maana haendeshi gari jua likizama na jua lilikuwa limekwisha kufika juu ya paa la jirani. Kofia ilikuwa tayari kichwani. Akaivua, akaitundika tena kwenye kiti, akazichukua karata.

"Na mtu asinihurumie," alisema.